Je, wajua kwa nini loya wa mji mdogo hajitangazi na bado kila mtu anamjua?

Ukishuka gari pale Busia upande wetu wa Uganda, ukamwambia kijana wa boda akupeleke kwa loya, hakuulizi jina, anawasha tu pikipiki mnaenda. Utajikuta kwenye ngazi nyembamba juu ya duka la simenti, na ukutani kuna kibao kidogo hivi ambacho mimi mwenyewe nilikipita miaka mingi bila kukisoma. Sasa watu huwa wanajiuliza, huyu mzee hana bango, redioni hasikiki akijinadi kama waganga na wauza dawa za meno, Facebook ndio kabisa, lakini saa mbili asubuhi benchi lake limeshajaa wamama na bahasha za kaki. Inakuwaje?

Kwanza ni kwamba amekatazwa. Kanuni za maadili ya mawakili za Uganda, za mwaka 1977, zinamzuia wakili kujitangaza na kuwinda wateja, ile tabia ya kuzurura polisi na hospitalini ukigawa kadi. Mpaka kibao kina kipimo chake bana, kisizidi sentimita 36 kwa 25, na kiwe cha heshima, mambo ya mataa ya kuwakawaka hakuna. Hiyo ni kubwa kidogo tu kuliko daftari la shule ukilifungua katikati.

Kwa hiyo tangazo linabaki yeye mwenyewe, na mji mdogo haufichi mtu. Kampala wakili anaweza kuwa mkali kotini na hujui nyumbani kwake kukoje, hapa kwetu tunajua. Tunajua anapeleka watoto shule kwa mguu, tunajua mkewe ana duka la vitambaa na wakigombana wanagombania hesabu za duka, tunajua kwenye matanga anapanga foleni ya posho, yaani ugali, na maharage kama wengine, halafu mchango wake unasomwa na si mkubwa kuliko wa mwalimu. Mimi naona hapo ndipo kazi yake inapotoka, maana kesi zinazojaa mji kama huu sio za makampuni, ni za ndani ya nyumba. Shamba. Mirathi. Mtoto wa nje aliyetokea siku ya mazishi. Huwezi kupeleka aibu ya familia yako kwa mtu ambaye familia yake hujawahi kuiona.

Kuna siku nilikuwa pale kupigiwa muhuri afidaviti, yaani hati ya kiapo, akaingia mzee mmoja na mnunuzi, pesa iko tayari, wanataka tu karatasi ya kuuza shamba la nyumbani. Loya akawakaribisha vizuri, akauliza habari za mvua, halafu:

"Mzee wangu, mama yuko wapi?"

"Mama yuko nyumbani. Yeye ana nini na haya mambo, mwanangu?"

"Ndiye mwenye haya mambo, mzee."

Hakuwa anafanya utani. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema ardhi ya familia, ile mnayokaa au mnayopata chakula, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, na ukiuza kwa kificho mauzo hayasimami. Mnunuzi alirudisha pesa mfukoni haraka sana, na jioni ile mji mzima ulishajua, kina mama ndio walikuwa wanacheka zaidi.

Mirathi ndio kasheshe kubwa. Mtu akifa bila wosia, sheria ya zamani ilikuwa inampa mjane asilimia 15, watoto 75, ndugu waliomtegemea marehemu 9, na mrithi wa kimila 1. Mwaka 2022 Bunge likabadilisha, mjane akapanda mpaka 20 na ndugu wakashuka mpaka 4, watoto na mrithi wakabaki palepale. Ukisikia kwa asilimia unaona ni kitu kidogo, lakini fanya mali ni shilingi milioni 40: mama alikuwa anapata milioni 6 sasa anapata 8, na ndugu waliokuwa wagawane milioni 3 na laki 6 sasa wanagawana milioni 1 na laki 6. Na nyumba waliyokuwa wanakaa haimo kwenye huo mgao, mjane na watoto wanabaki ndani. Sasa nani ataenda kumwambia hayo baba mdogo ambaye ameshaanza kupima kiwanja kwa hatua? Anatumwa loya. Anakaa chini ya mwembe na wazee wa ukoo, anaanza na pole, anaongea Kiswahili, akikwama anaingia Kisamia, na sheria anaitaja mwisho kabisa wakati watu wameshakula.

Hii ya lugha nayo watu hawaioni. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda, lakini kotini kesi inaendeshwa kwa Kiingereza, wewe unatafsiriwa. Mtu anatoka mle ndani hajui kama ameshinda au ameahirishiwa, anakuja kuambiwa barazani na loya wake.

Na hela je? Sisemi maloya wote ni malaika, wapo wanaokula pande zote mbili na tunawajua. Ila kanuni zinamkataza wakili kupatana na mteja kwamba "tukishinda tugawane shamba", na tangu 2009 kila wakili anatakiwa atoe saa 40 kwa mwaka kuhudumia wasiojiweza, au alipe badala yake. Wetu nadhani saa 40 zinaisha mwezi wa pili. Halafu kuna kesi za kunyongwa au kifungo cha maisha, hapo katiba inataka mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali, na huku mashambani anayepewa ni huyuhuyu wa juu ya simenti, kwa malipo ambayo hayajengi ghorofa. Usiku nao hana wake, kijana akikamatwa mama anakuja kugonga geti, kwa sababu polisi wana saa 48 tu za kumfikisha kotini na mama anataka zianze kuhesabiwa sasa hivi.

Ndio maana vijana wengi hawarudi. Unasoma digrii miaka minne, unaenda Law Development Centre, iliyoanzishwa 1970, kwa diploma ya uwakili, halafu Kampala inakushika shati. Mtoto wa kwanza wa loya wetu naye yuko huko huko anasoma sheria, akija likizo anakaa kwenye lile benchi na wamama anawaandikia tarehe zao kwenye bahasha. Juzi bibi mmoja alimuuliza kama akimaliza atarudi. Alicheka tu, akamsomea tarehe yake: tarehe 14, saa tatu asubuhi, bibi uje mapema.