"Familia haikumtafuta": kauli inayoharibu uchunguzi wa watoto waliopotea

Kila nikieleza kesi ya Tammy Jo Alexander, binti Mmarekani aliyeuawa 1979 na kukaa bila kutambuliwa hadi 2015, swali la kwanza ni lilelile: "Miaka yote hiyo hana jina, hao wazazi walikuwa wapi?" Kazi yangu ni kufuatilia historia za familia, na swali hilo limenichosha, maana ndilo linalowafunga midomo ndugu ninaohitaji wazungumze.

"Kama hakuna ripoti polisi, familia haikujali au inaficha jambo"

Tammy alikuwa na miaka 16, kwao Brooksville, Florida. Maiti yake iliokotwa tarehe 10 Novemba 1979 katika shamba la mahindi huko Caledonia, jimbo la New York. Alikuwa amepigwa risasi, hana kitambulisho. Ni kweli kwamba hadi mwaka 2014 hakukuwa na jalada la kupotea kwake. Watu wakisikia hivyo tu wanakata hukumu.

Angalia miaka kwanza. Wakati ule, binti wa umri huo aliyeshatoroka nyumbani kabla alihesabiwa mtoro, na mtoro hungojewa arudi. Sheria ya Marekani iliyowawezesha wazazi kuhakikisha jina la mtoto wao limeingizwa kwenye kompyuta za FBI, shirika la upelelezi la taifa, ilipita mwaka 1982. Kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea kilianzishwa 1984. Sajili ya mtandaoni ambayo raia wa kawaida anaweza kuipekua ilikuja baadaye sana.

Halafu ingia ndani ya familia zenyewe. Mama anaamini baba alikwenda kituoni, dada anaamini mama alikwenda, bibi anasema mtoto ameolewa mbali na ipo siku atapiga simu. Wanahama, wanaachana, wanaoa tena, wanazikana. Hakuna aliyedanganya, ila karatasi haipo. Ukiingia nyumba hiyo na "kwa nini hamkuripoti?", utapewa chai na kimya. Mimi huuliza: nani alimwona mwisho, amevaa nini, na akigombana na mama yake alikuwa anakimbilia kwa nani?

Nasisitiza pia, na sitaacha kusisitiza: anza na marafiki wa shule. Baba wa kambo hajui binti alikuwa anapanga kwenda wapi, lakini aliyekaa naye dawati moja anajua. Katika kesi hii ni rafiki wa shule aliyeanza kumtafuta, akafika kwa dada wa Tammy wa mama mmoja, na jalada likafunguliwa 2014. Msanii aliyekuwa amechora sura ya maiti akaiona picha ya Tammy, akaona zinafanana, akawaandikia wachunguzi. Januari 2015 jina likatangazwa.

"Siku hizi vinasaba (DNA) vinatoa jina vyenyewe"

Havitoi. Vinahitaji mtu wa kulinganishwa naye. Vinasaba vya mitokondria, vijisehemu vidogo ndani ya seli, hurithiwa kwa mama, ndiyo maana dada wa mama mmoja alitosha hata kama baba ni tofauti. Kwa hiyo chora ukoo upande wa mama, na kila mwanamke mwandikie majina yote aliyowahi kutumia, ya kuzaliwa na ya kila ndoa. Ukifuata jina la baba peke yake utawapita watu unaowatafuta.

"Bila vinasaba hakuna kitu"

Miaka kabla hajatambuliwa, chavua kwenye nguo zake ilichunguzwa, ikaonekana ya mvinje, mti tunaoujua sana pwani yetu. Mvinje haustahimili baridi ya Caledonia, ila Florida umejaa. Ngozi yake nayo ilikuwa na alama za jua za nguo ya kuogelea, mwezi Novemba. Yote mawili yalionyesha ametoka mahali pa joto.

"Lazima saa 24 zipite ndipo uripoti"

Hapana. Marekani, sheria ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri mtoto anapopotea. Nenda leo.

"Ameshapata jina, kesi imekwisha"

Hapo ndipo inapoanza. Aliyemuua hajapatikana, na New York mauaji hayafutwi na muda. Kabla ya 2015 wachunguzi hawakujua wamuulize nani. Sasa wapo wa kuulizwa: waliosoma naye, waliosafiri naye kwa kuomba lifti, waliomjua wiki zile za mwisho. Watu hao wanazeeka, na swali bado ni moja: alitoka Florida hadi lile shamba la mahindi kwenye gari la nani?