Kisima kinahesabu mita, mwangwi unahesabu muda

Muulize mtu wa Mtwara mjini kwamba Msimbati ni mbali kiasi gani. Mmoja atakutajia kilomita, mwingine atakwambia masaa, tena inategemea mvua. Hawagombani hao, ukiujua mwendo wa gari unawapatanisha. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupatanisha mita za kisima cha kutafutia gesi na muda wa mwangwi, ila safari yenyewe inashuka chini ya ardhi.

Kifaa kinachoshushwa kisimani kwa waya huandika tabia za mwamba kila baada ya sentimita 15 hivi, kwa kina cha mita. Data za mitetemo, yaani mwangwi wa sauti inayotumwa ardhini kutoka juu, hazijui mita. Zinachojua ni milisekunde: sauti imeteremka, imegonga tabaka, imerudi.

Nachukua logi mbili, yaani maandishi ya kile kifaa: ya soniki inayonipa kasi ya sauti kwenye mwamba, na ya msongamano, yaani uzito wa mwamba kwa ujazo wake. Nikizidisha moja kwa nyingine napata ukinzani wa mwamba dhidi ya sauti. Ukinzani ukibadilika ghafla, mathalani tope lililogeuka mwamba likikutana na mchanga wenye gesi, hapo mwangwi huzaliwa. Kompyuta inanitengenezea mwangwi wa bandia, sisi tunauita sintetiki, nami nauweka ubavuni mwa ule halisi.

Usitegemee kila kijino cha logi kiwe na mwenzake. Wimbi la hezi 25 likipita kwenye mwamba wenye kasi ya mita 2,500 kwa sekunde lina urefu wa mita 100, na tabaka jembamba kuliko robo yake, mita 25, linamezwa na majirani. Halafu soniki hupima kwa masafa ya maelfu ya hezi, hivyo mara nyingi kasi yake huzidi kidogo ile ya mitetemo. Ndiyo maana napenda kisima chenye cheki-shoti: unashusha kipokea sauti kisimani, unalipua mlio juu, unasoma sauti imefika saa ngapi katika kila kina. Hapo hakuna kubahatisha.

Sasa kuna kishawishi. Programu inakuruhusu kuvuta sintetiki kama mpira wa manati mpaka ilingane. Nilipokuwa mgeni kazini, yangu ilichelewa kwa milisekunde 20. "Ibane tu kidogo, kaka," mwenzangu akanishauri. Nikaibana. Ikalingana vizuri mno! Kumbe kwa kufanya hivyo nilikuwa nimelipatia tope la kawaida kasi ya chokaa ngumu.

Bosi alipoiona hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Kina hiki kimepimwa kuanzia wapi?" Nikafungua ukurasa wa kwanza wa logi, ule ambao vijana huuruka. Kina kilianzia kwenye sakafu ya mtambo wa kuchimbia, mita 20 juu ya usawa wa bahari, wakati mitetemo yetu ilianzia usawa wa bahari. Kwa kasi ya mita 2,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi, mita 20 ni milisekunde 20 kamili.

Nilipozitoa, kilele cha mchanga kilikaa mahali pake bila kuvutwa. Chini zaidi palibaki sehemu isiyolingana. Logi ya kipenyo ilionyesha ukuta wa kisima umemomonyoka pale, kwa hiyo msongamano uliosomwa ulikuwa wa matope ya kuchimbia zaidi kuliko wa mwamba. Sehemu hiyo niliiacha kama ilivyo, nikaandika sababu pembeni.