Malipo ya kutunza udongo: yanayosemwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ukweli wake

Mkulima anatia sahihi mkataba, anachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko shambani mwake, naye analipwa. Watu wanasema: "Hizo ni sadaka za Leta," yaani za Serikali. Hapana, ni ujira. Mvua kubwa ikipiga vilima vya Kabare, udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, unateremka hadi Ziwa Kivu. Huko chini, mabwawa ya Ruzizi yanayotupatia umeme yanasumbuliwa na matope na takataka. Anayechimba mtaro juu mlimani anamfanyia kazi mtu wa mjini ambaye hata hamjui. Marekani, tangu 1985, inawalipa wakulima kila mwaka, kama anayekodi shamba, kwa miaka 10 hadi 15, ili ardhi inayomomonyoka iote nyasi.

"Ukitia sahihi, shamba linakuwa la Leta." Hofu hii ina mizizi: enzi za Wabelgiji mitaro ilichimbwa kwa amri. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilishaitangaza ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya Serikali. Mkulima ana haki ya kuitumia. Mkataba wa namna hii unalipia kazi. Ukiona kifungu kinachogusa haki ya shamba, usitie sahihi.

"Matuta yanaharibu shamba." Hapa wakulima wana hoja, nami naona wataalamu wanaipita haraka mno. Ukikata ngazi mlimani, udongo wa chini usio na nguvu unatokeza juu, na msimu wa kwanza maharagi yanadhoofu. Dawa ni kuuweka pembeni ule mweusi, kuurudisha juu na kuongeza samadi. Ipo pia njia nyepesi: funga vijiti vitatu kwa umbo la A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikitulia katikati ya kijiti cha kulala, miguu miwili iko kimo kimoja. Weka alama, songa mbele, kisha chimba mtaro ukifuata alama. Ukingoni panda tripsakumu, nyasi ya malisho: mizizi inashika udongo, majani wanakula mbuzi. Bado mtaro unameza mistari ya mihogo, na hasara hiyo ndiyo inayopaswa kufidiwa.

"Pesa ni za mwenye shamba." Hili linaniuma zaidi. Huku Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, wengi wanalima kwa bwasa, yaani wamekodi kwa muda mfupi. Aliyekodi anachimba, anapanda nyasi, shamba linapendeza, halafu mwenye shamba analichukua. Kwa hiyo mkataba umtaje anayeshika jembe, useme atalima misimu mingapi, na mwenye shamba atie sahihi mbele ya chifu kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.