Je, wajua: wanaopiga muziki ambao bado haujatungwa wanalipwa na nani?

Jumamosi ya Desemba, wakati Wachaga wa Dar wamesharudi nyumbani na kila ukumbi wa Moshi una harusi, simama dakika kumi tu karibu na mnara wa saa. Itapita pikapu imebeba vijana wa tarumbeta, mpiga tuba kakalia tairi la spea, ngoma kubwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na nyuma yao msafara wa magari yenye maua na honi. Hakuna anayejiuliza vijana wale wanalipwa na nani. Kamati ya harusi imeshamalizana nao: nusu kabla, nusu baada, na sahani ya pilau.

Nilikuwa kwenye msafara wa namna hiyo na shemeji yangu, fundi umeme, mtu asiyependa jambo lisilo na hesabu. Foleni ilipokwama nikamsikilizisha kitu kwenye simu: kazi iitwayo "Black Angels" ya Mmarekani George Crumb. Aliitunga wakati wa Vita vya Vietnam na akaiwekea tarehe ya Ijumaa, 13 Machi 1970. Ni violini mbili, viola na selo, zote zimepitishwa kwenye vipaza sauti. Wapigaji hukwaruza bilauri kwa pinde zao, hugonga sahani kubwa za shaba, na mahali fulani huhesabu namba kama waganga: kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihangari, Kijapani na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Maelezo ya mtunzi mwenyewe yanazitaja lugha hizo bila kufafanua kwa nini yetu imo, kwa hiyo nami sitamwekea maneno mdomoni. Ila ndiyo sababu nilikuwa nayo kwenye simu.

Shemeji akasikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza: "Sasa hawa, shemeji, huitwa kwenye harusi gani?"

Nikamjibu bila kusita. Nikasema wanategemea viingilio vya mlangoni, na kwa kuwa wapenzi wa muziki huo ni wachache, bila shaka mchana wanafundisha shule na jioni wanajifurahisha. Nikaongeza kwamba pengine ni wale walioshindwa kupiga Mozart vizuri. Yote hayo niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua, na karibu yote hayakuwa kweli.

Historia fupi kwanza, isitucheleweshe. Muziki wa chemba ni ule wa kikundi kidogo: kila mtu ana sauti yake peke yake na hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Kwarteti nyingi za nyuzi, yaani makundi ya watu wanne wenye violini mbili, viola na selo, huishi kwa kazi za marehemu kama Haydn, Mozart, Beethoven. Wachache wameamua kuishi na watunzi walio hai. David Harrington aliisikia hiyo "Black Angels" redioni, na mwaka 1973 akaanzisha Kronos Quartet mjini Seattle. Mwaka uliofuata Irvine Arditti akaanzisha yake London. Kuna pia makundi makubwa kuliko kwarteti: Ensemble intercontemporain ya Paris ilianzishwa na mtunzi Pierre Boulez mwaka 1976, na Ensemble Modern ya Ujerumani ikaja 1980. Nusu karne baadaye, watu bado wanakula kwa kazi hii.

Turudi kwenye viingilio, maana hapo ndipo nilipopotea zaidi. Hata wapigaji wa Mozart kwa kawaida hawagawani fedha za mlangoni. Mwenye onyesho, awe tamasha, ukumbi, chuo kikuu au redio, huwaita kwa malipo waliyopatana, watu wajae au wasijae. Yeye hutafuta fedha kwa serikali, kwa wafadhili na, ndiyo, kwa tiketi, ambazo peke yake mara nyingi hazitoshi. Ujerumani hali inachekesha zaidi. Karibu kila kaya hulipa ada ya redio na televisheni za umma, na redio hizo ni miongoni mwa wadhamini wakubwa wa muziki mpya. Tamasha la Donaueschingen lipo tangu 1921 na lina redio nyuma yake, na lile la Witten la muziki mpya wa chemba hushikwa mkono na redio ya Köln. Kwa hiyo mama aliyelipa ada yake asikie taarifa ya habari na utabiri wa mvua amewachangia watu wanne wakwaruze bilauri, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Na hilo la kushindwa Mozart nalifuta kwa aibu. Mwaka 2001 Mwaustria Georg Friedrich Haas alitunga kwarteti yake ya tatu (kazi iliyotungiwa kwarteti nayo huitwa kwarteti), ambayo hupigwa gizani. Simaanishi taa hafifu. Namaanisha giza ambalo mkono wako huuoni. Wapigaji wanne hukaa kwenye pembe nne za ukumbi, wasikilizaji katikati, wala hakuna karatasi ya kutazama. Kila kitu kimo kichwani. Mmoja hutoa sauti fulani ambayo ni mwaliko, na wengine huuitikia au huukataa. Ni kama majirani wanaoitana usiku kwenye migomba umeme ukikatika: mmoja anaita, wa ng'ambo anajibu, au ananyamaza kwa sababu ana shughuli zake. Hivyo hivyo kwa dakika thelathini na tano au zaidi, bila jicho la mtu kumsaidia mwenzake. Mtu aliyeshindwa Mozart hafiki hapo.

Kwarteti ya pili ya Morton Feldman, ya mwaka 1983, inakaribia saa sita bila mapumziko. Hiyo ni safari ya basi kutoka Moshi hadi Tanga, na basi angalau husimama Mombo watu wajinyooshe. Kronos walipanga kuipiga yote mwaka 1996 wakaghairi kwa sababu ya miili yao. Vijana wa FLUX Quartet wakaimaliza 1999. Kuna na ile ya Stockhausen, ambayo Arditti Quartet waliizindua Amsterdam mwaka 1995 kila mmoja akiwa ndani ya helikopta yake, sauti zikirushwa ukumbini chini. Hiyo naitaja tu, maana nikianza helikopta hatutamaliza.

Nilipojisahihisha kuhusu viingilio nikaangukia kosa la pili, na hili hata watu wa muziki hulifanya. Nilisoma kwamba makundi haya huishi kwa kuagiza kazi mpya, nikadhani fedha za agizo huingia mifukoni mwao. La. Fedha za agizo ni za mtunzi, na mrabaha wa kila onyesho ni wa mtunzi na mchapishaji wake. Sasa kwa nini mpigaji ahangaike miezi na miezi kutafuta fedha za mtu mwingine?

Jibu lipo kwenye kadi ya mchango wa harusi.

Tuseme kwarteti inataka kazi ya mtunzi fulani. Mtunzi atakaa miezi akiandika, kwa hiyo anataka malipo. Kwarteti haina hela. Basi inageuka kamati. Inauendea ukumbi mmoja London, tamasha moja Amsterdam, redio moja Köln, chuo kimoja Marekani, na kila mmoja anaahidi sehemu yake. Kama kadi zetu, singo 50,000, dabo 80,000, mwenye kutoa ana haki ya kiti mezani. Kwa mwenye ukumbi kiti hicho ni neno "mara ya kwanza". Mmoja anapata mara ya kwanza duniani, mwingine mara ya kwanza Uingereza, mwingine mara ya kwanza Marekani. Mgeni anaweza kushangaa kazi moja inawezaje kuzinduliwa mara nne, lakini mtu wa Moshi hashangai. Bibi harusi yule yule ana kicheni pati, ana sendofu, ana harusi, na kila shughuli ina watu wake, sare zake na keki yake.

Hapo ndipo ufundi wa mpango huu ulipojificha. Kila aliyechangia anataka kazi ipigwe kwake, na wa kuipiga ni nani? Ni wale wale walioleta kadi. Kwa hiyo kwarteti inapata maonyesho manne ya kulipwa kabla mtunzi hajaandika noti moja. Zaidi ya hapo, mara nyingi mkataba huwapa muda, pengine mwaka au miwili, ambao hakuna kundi lingine linaloruhusiwa kuigusa. Muda ukiisha, mlango uko wazi, lakini nani atahangaika wiki nzima kujifunza kazi ngumu anayoweza kuipiga mara moja tu? Tamasha likiitaka tena, linawapigia simu wale wale.

Ni kama mkahawa kihambani. Mche ukiupanda leo, utakaa kama miaka mitatu bila kukupa kitu cha maana, na majirani watakuuliza kwa nini hukupanda mahindi. Kronos walianza na mche mmoja: kazi yao ya kwanza waliagiza kwa mtunzi Ken Benshoof, na malipo yake yalikuwa mfuko wa donati. Leo kazi zilizotungwa kwa ajili yao zimepita 1,000. Kundi lenye miche hiyo yote halibanani na wapiga Mozart kwenye mlango mmoja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo fedha haziwezi kulieleza. Agizo ni nguo ya kushonewa. Umempelekea fundi kitenge, amekupima, lakini hamjamaliza. Lazima urudi kujaribu, abane hapa, alegeze pale. Mtunzi naye hufika mazoezini na kurasa zisizokamilika. Anauliza: ukiburuta upinde nyuma ya daraja la violini, inatoka sauti gani? Ukiubonyeza zaidi? Mpigaji anamwonyesha, anafuta, anaandika upya. Nguo inatoka imekaa mwilini mwa watu wanne mahsusi. Kundi litakalofuata litaisoma karatasini, lakini yale yaliyosemwa kwa mdomo pale mazoezini hayamo yote. Kwa hiyo kinachouzwa hapa, pamoja na vidole, ni kumbukumbu. Nyaraka za Arditti Quartet zimehifadhiwa kwenye Wakfu wa Paul Sacher huko Basel, pamoja na miswada ya watunzi wenyewe, na baada ya kulielewa hili sikuona ajabu.

Nisije nikaupamba mpango huu kupita kiasi. Kazi nyingi zinazoagizwa hivi zina harusi, hazina ndoa: zinapigwa mara ya kwanza, watu wanapiga makofi, kisha zinaingia kabatini. Malipo ya usiku mmoja mara nyingi hayajali kama ulifanya mazoezi saa tano au hamsini, kwa hiyo aliyechagua muziki mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa hela ile ile, ndiyo maana wengi wao kweli hufundisha (hapo sikumdanganya shemeji kabisa). Makundi yenyewe hayafanani. Ensemble intercontemporain ina wanamuziki 31 wenye mshahara, na serikali ya Ufaransa ikiwa nyuma yao. Usiwachukue hao kama kipimo. Ensemble Modern ni mali ya wanamuziki wenyewe, wanaamua pamoja wapige nini na hasara wanaibeba pamoja. Mji ulioipa nchi KNCU ya wakulima wa kahawa mwaka 1933 hauhitaji kuelezwa maana ya ushirika.

Hilo la kabati Kronos walilitafutia dawa. Kuanzia 2015 waliagiza kazi hamsini zilizopimwa kwa kwarteti changa, wakaziweka noti zake za muziki mtandaoni bure. Zamani waliziingiza kazi za Afrika kwenye albamu yao ya mwaka 1992, ikiwemo ya Justinian Tamusuza wa Uganda, yenye jina la Kiganda: "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", katika njia ya msalaba. Katika zile hamsini yumo Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mpiga balafoni, yaani marimba ya Afrika Magharibi. Mwanafunzi wa muziki pale Makumira, Usa River, akipata wenzake watatu wenye nyuzi na bando la kutosha, anaweza kuanza mazoezi leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa.

Wiki iliyopita nilimtumia shemeji ujumbe wa sauti wa dakika sita kujisahihisha. Akanijibu kwa sekunde nne: "Kumbe ni kamati. Mwenyekiti nani?"

Nikamwambia kwa Kronos ni mpiga violini wa kwanza, yule yule Harrington, tangu 1973.

"Miaka yote hiyo? Na mweka hazina?"

Nikamweleza kwamba wana shirika lililosajiliwa San Francisco, lisilogawana faida, lenye ofisi na bodi yake, na kazi yake ni kukusanya ahadi na kuzifuatilia. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama wale watu wa ofisi wanaweza kuja Moshi mara moja tu, maana kamati ya mdogo wake bado inadai ahadi za mwaka jana.