Programu Isichague Kati ya IPv4 na IPv6

Watu wengi wanaoandika programu za mtandao hutaka kujua namna ya kuifanya programu ya zamani itumie IPv6, toleo jipya la itifaki (kanuni za mawasiliano) ya intaneti, bila kuacha IPv4, toleo la zamani. Kwa maoni yangu, programu haipaswi kuchagua itifaki hata kidogo. Kazi hiyo iachiwe kiolesura, yaani amri ambazo mfumo endeshi huipa programu ili ifikie mtandao.

Kiolesura chenyewe ni soketi, yaani ncha za mawasiliano ambazo programu hutumia kutuma na kupokea data, zilizoenea kupitia 4.2BSD, mfumo endeshi uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Anayefungua soketi hutaja familia ya anwani (IPv4 au IPv6), na muunganisho ukishapatikana data hutumwa na kupokelewa kwa amri zilezile, itifaki iwe yoyote. Ugumu ulibaki kwenye majina, kwani gethostbyname, amri ya kutafuta anwani ya jina la seva, kwa kawaida hurudisha anwani za IPv4 pekee, nao waandishi wakazoea kutenga nafasi ya biti 32 ndani ya msimbo wao, ilhali anwani ya IPv6 ina biti 128.

Dawa yake ni getaddrinfo, amri nyingine ya kazi hiyohiyo. Unaipa jina la seva na huduma, tuseme www.example.org na namba ya mlango 443, familia ukiiacha AF_UNSPEC, yaani yoyote itakayopatikana, nayo inakurudishia orodha ambayo kila kipengele kimebeba familia, aina ya soketi, anwani na urefu wake. Programu hufungua soketi kwa thamani hizohizo na kujaribu kuunganisha. Ikishindikana, huifunga na kuhamia kipengele kinachofuata.

Mara nyingi, hata hivyo, IPv6 hutangulia orodhani, na njia yake ikiwa imekatika kimyakimya, mtumiaji anaweza kusubiri zaidi ya dakika moja kabla TCP, itifaki inayounganisha pande mbili, haijakata tamaa. Mtumiaji huyo ataizima IPv6 moja kwa moja, na simlaumu. Ndiyo maana RFC 6555 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 2012, kisha RFC 8305 ya 2017, zikaeleza utaratibu wa Happy Eyeballs: jaribio la pili huanza bila kungoja la kwanza lishindwe, kwa pendekezo la milisekunde 250 baadaye, na muunganisho unaowahi ndio unaotumika. Kwa kuwa getaddrinfo haifanyi hivyo, anayeandika kwa lugha ya C autengeneze utaratibu huo mwenyewe au atumie maktaba kama libcurl.

Kwa upande wa seva, soketi moja ya IPv6 inaweza kuwapokea pia wateja wa IPv4, anwani zao zikionekana kwa umbo la ::ffff:192.0.2.7, mradi IPV6_V6ONLY (mpangilio wa kupokea IPv6 pekee) imezimwa. Kwa kawaida Linux huizima na Windows huiwasha, hivyo iwekwe waziwazi ndani ya msimbo kabla ya kuita bind, amri ya kuipa soketi anwani.