Tikkun olam ni nini, na kwa nini kijana apewe dola 36,000 kwa ajili yake?

Ukisoma habari za tuzo za vijana wa Kiyahudi kule Marekani kuna namba itakusumbua kidogo. Ipo tuzo inaitwa Diller Teen Tikkun Olam Awards, aliianzisha mama mmoja mfadhili wa San Francisco, Helen Diller, mwaka 2007, ikaanzia California tu halafu 2012 wakaifungua kwa nchi nzima, na kila kijana anayeshinda anapata dola 36,000. Sio 35,000, sio 40,000. Mimi mara ya kwanza nikajua tu hapa kodi imeshapita na mkasi wake, kumbe wapi.

Iko hivi. Kwenye Kiebrania herufi ndo namba. Kuna herufi inasimama badala ya 8 na nyingine badala ya 10, ukiziweka pamoja zinasomeka chai, na hapa sio chai ya maandazi, hiyo ch inatokea kooni kama kh ya kheri, na maana yake ni hai. Ni hai hiihii yetu jamani, maana sisi tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo 18 ni uhai na 36 ni uhai mara mbili, ndo maana Myahudi akialikwa harusi bahasha yake mara nyingi ina 18 au 36 au 180, hela inayoonekana ya ajabuajabu kwa asiyejua.

Sasa hilo jina lenyewe, tikkun olam. Tikkun ni kutengeneza kitu kilichoharibika, na Mwisraeli wa leo akipeleka kiatu kwa fundi au gari gereji anatumia kitenzi cha mzizi huohuo. Olam ni ulimwengu. Kutengeneza ulimwengu, basi. Inasikika kubwa sana, kama kauli mbiu ya kwenye fulana, na ukweli ni kwamba siku hizi imekuwa hivyo kwa kiasi fulani, lakini ilikotokea ni padogo na pa vitendo kabisa, na mimi napapenda zaidi.

Pa kuanzia ni kwenye Mishna, yale mafundisho ya marabi yaliyokusanywa kama mwaka 200 hivi baada ya Kristo. Kuna mzee anaitwa Hileli. Torati ilisema kila mwaka wa saba madeni yanafutwa, sheria nzuri, mnyonge apumue. Ila wewe unayejua vikoba utakuwa umeshaona tatizo: mwaka wa saba ukikaribia nani atakopesha? Wenye hela wakafunga mikoba, na maskini ambaye sheria ilitaka kumsaidia ndo akakosa hata wa kumkopa mbegu. Hileli akabuni hati, inaitwa prozbuli, mkopeshaji anakabidhi deni lake mahakamani kabla ya mwaka wa saba, na likiwa mikononi mwa mahakama halifutiki, mikopo ikarudi. Mishna inaeleza sababu kwa maneno machache tu, alifanya hivyo kwa ajili ya tikkun olam. Sehemu hiyohiyo wanasema mateka wasikombolewe kwa hela nyingi kuliko thamani yao, sababu ileile, maana mkilipa sana leo watekaji kesho wanarudi. Kwa hiyo mwanzoni tikkun olam haikuwa wema wa moyoni, ilikuwa ni kuziba tundu kwenye sheria ambalo wanyonge wanadondokea.

Baadaye neno likapita mikono mingi. Lipo kwenye sala yao ya kila siku, ila pale atakayetengeneza dunia ni ufalme wa Mungu. Karne ya 16 kwenye mji wa Safed kule Galilaya akaja Isaac Luria na wenzake wa kabala, ile elimu ya mafumbo ya Kiyahudi, wakafundisha kwamba wakati wa kuumba vyombo vilivyobeba nuru ya Mungu vilipasuka, cheche zikatawanyika, na kila amri mtu anayotimiza anaokota cheche moja, habari ndefu hiyo tuiache. Miaka ya 1950 kwenye kambi za vijana za Kiyahudi California neno likaanza kutumika kwa kazi za kijamii, na kufika miaka ya 80 likawa ni jina la kila kitu, kuanzia kugawa chakula, kutetea wakimbizi, mazingira, haki za wafanyakazi, na ule utetezi ambao wenzetu wa NGO wanauita uchechemuzi. Wapo Wayahudi wanaokerwa na hili, wanasema watu wamechukua siasa zao wakazivalisha kanzu ya Kiebrania. Sio hoja ya kupuuza, ila ukikumbuka ile hati ya mikopo ya Hileli, siasa na sheria zilikuwemo humo tangu zamani.

Swali linalonivutia ni hili lingine. Kama kutengeneza dunia ni wajibu, kijana anapongezwa kwa nini? Maana kwao ni wajibu kweli. Chukua neno tsedaka, pacha wa sadaka yetu. Sisi tukisema sadaka tunafikiria kutoa kwa hiari, moyo umekugusa umetoa, haukukugusa umepita. Kwao tsedaka inatoka kwenye neno tsedek, haki. Ukimpa mhitaji hujamfadhili, umempelekea kilicho chake. Nyumba nyingi zina kikopo cha bati kinaitwa pushke, Ijumaa jioni kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa mtoto anaitwa anadondosha sarafu, kling, ndo mishumaa inawashwa. Hakuna anayempigia makofi. Na akifika miaka 13, binti hata 12, anakuwa bar mitzvah au bat mitzvah, yaani mwana wa amri, amri zote sasa ziko juu yake mwenyewe sio juu ya baba yake, na familia nyingi za Marekani zinamtaka mwaka huo afanye na mradi wa kusaidia watu. Sio bahati mbaya kwamba ile tuzo ya Diller inaanzia miaka 13 mpaka 19.

Kuna kisa kwenye Talmudi, ile mijadala mirefu ya marabi juu ya Mishna, ambacho kwangu kinajibu hili swali kuliko maelezo yoyote. Rabani Gamlieli, mkuu wa chuo, alikuwa mkali na mpenda vyeo, akamdhalilisha mzee mwenzake Rabi Yoshua mbele ya watu, akamwacha amesimama kwa miguu huku yeye anafundisha, mpaka darasa zima likachoka likamtoa kwenye kiti. Tumweke nani? Wakamwona Elazari mwana wa Azaria, msomi, ana uwezo, wa ukoo mzuri. Umri miaka 18. (Kumi na nane tena hiyo.) Elazari hakukubali papohapo, akasema ngoja nikaulize nyumbani, akaenda kwa mke wake. Mke akamwambia, na wakikutoa na wewe kama walivyomtoa yule? Akajibu kwa methali, mtu atumie kikombe kizuri siku moja hata kama kesho kitavunjika. Mke akatupa la mwisho, lakini wewe huna hata mvi! Basi siku hiyo, Talmudi inasema, ikatokea miujiza, mistari 18 ya nywele zake ikageuka mvi.

Watu wengi wanakihadithia kisa hiki kama utani wa mvi wanaishia hapo. Kinachofuata ndo kitamu. Siku Elazari alipokalia kiti yule bawabu wa mlangoni aliondolewa, maana Gamlieli alikuwa anazuia mwanafunzi yeyote ambaye ndani yake si kama nje yake, na sasa ruhusa ya kuingia ikawa ya wote, ikabidi waongeze mabenchi, wengine wanasema 400 wengine 700. Heshima aliyopewa kijana ilionekana kwenye mabenchi. Na heshima kwa Kiebrania ni kavod, mzizi wake ni uzito, kama sisi tunavyosema fulani ni mtu mzito. Kumheshimu kijana ni kumwongezea uzito, na uzito unabebwa, ndo hizo mvi.

Ukiziangalia sheria za ile tuzo kwa jicho hilo zinaeleweka. Kazi lazima iwe ya kujitolea, ukishalipwa kwa hiyo kazi huingii. Mzazi haruhusiwi kumpendekeza mwanae (hapa nilicheka, nikifikiria baadhi ya kina mama wa kwetu), ila kijana anaweza kujipendekeza mwenyewe, au mwalimu, au rabi, au mtu baki anayemjua. Wanaosaidiwa si lazima wawe Wayahudi. Na hela ni ya kuendeleza mradi au kusoma. Hawagawi hovyo pia, kwa mwaka washindi hawazidi 15.

Na neno lao la kiongozi wa vijana ni madrich, linatokana na derech, njia. Ni sawasawa na letu, kiongozi ni anayeongoza njia, anatembea mbele na wewe unamfuata, hajakaa meza kuu na maji ya chupa.

Mfano wa aliyetembea mbele ni Clara Lemlich. Binti mhamiaji kutoka Ukraine, mshona nguo New York, miaka 23. Mwaka 1909 alikuwa ameshapigwa na wahuni kwa sababu ya mgomo mpaka mbavu zikavunjika. Usiku wa tarehe 22 Novemba maelfu ya washonaji wakajaa ukumbi wa Cooper Union, viongozi wakubwa wakaongea masaa mawili, tuwe waangalifu, tufikirie, si unavijua vile vikao. Clara akaomba nafasi, akapanda akaongea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa ufupi akasema kuongea kumemchosha na anatoa hoja wagome. Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akawauliza kama wako tayari kula kiapo cha zamani cha Kiyahudi, wakanyanyua mikono ya kulia, nikiisaliti hii kazi mkono huu ninaounyanyua na ukauke, kiapo kilichochongwa kutoka Zaburi ya 137. Wakagoma zaidi ya watu 20,000, wengi wao wasichana. Viwanda vingi vikasaini makubaliano. Kampuni ya nguo ya Triangle haikukubali madai yao, na Machi 1911 ikaungua na watu 146 wakafa. Clara hakupewa tuzo wala bahasha, alichopata ni waajiri kumfungia milango. Uzeeni, akiwa kwenye nyumba ya kulelea wazee Los Angeles, akawashawishi wahudumu wa pale nao waunde chama chao cha wafanyakazi.

Kwa hiyo ndio, mtu anaweza kusema tuzo za siku hizi zinaharibu, kijana anafanya mradi akiwaza fomu ya kuombea chuo, picha mtandaoni na kadhalika. Hata Maimonide, yule mwanachuoni wa karne ya 12 aliyefia Misri, alipopanga ngazi nane za tsedaka aliweka juu sana kutoa kule ambako mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Mimi pia nimekaa kwenye hafla moja ya vijana ambapo vyeti vilikuwa vingi kuliko kazi, kila aliyebeba kiti akapigiwa makofi. Lakini tuwe fea, ngazi ya juu kabisa ya Maimonide sio kutoa kwa siri, ni kumpa mtu mkopo au kazi au kuingia naye ubia asimame mwenyewe asihitaji tena, na hilo ni gumu kulifanya gizani. Na Talmudi ina msemo kwamba anayewafanya wengine watende ni mkubwa kuliko mtendaji. Kama picha ya binti wa miaka 15 aliyetetea wenzake itamwamsha mwingine wa miaka 14, picha imefanya kazi yake. Ikiishia kwenye CV, basi imeishia hapo.

Neno hili limefika mpaka jirani kwetu hapa. Rwanda, wilaya ya Rwamagana, kuna kijiji cha vijana kinaitwa Agahozo-Shalom, kilifunguliwa Desemba 2008. Agahozo ni Kinyarwanda, mahali pa kufutwa machozi, na Shalom unaijua. Aliyekianzisha ni Anne Heyman, mwanasheria wa Kiyahudi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa anaishi New York, aliyesikia habari za yatima wote wale wa mauaji ya kimbari ya 1994, akakumbuka vijiji vya vijana vilivyowapokea kule Israeli mayatima wa mauaji ya Wayahudi ya Vita vya Pili vya Dunia na akaufuata mfano wa kimoja kinaitwa Yemin Orde. Alifariki 2014. Pale wanatumia maneno mawili ya Kiebrania waziwazi, la kwanza tikkun halev, kutengeneza moyo, ndo linakuja tikkun olam, wanafunzi wanatoka nje ya geti kwenda kuwasaidia majirani wa kijiji, watoto waliofika hapo wao wenyewe wakihitaji msaada. Na hao vijana sio Wayahudi.