Nusumaisha ya dawa: kwa nini AL humezwa siku tatu hata homa ikishuka mapema

Nusumaisha ya dawa ni muda ambao kiwango cha dawa kilichomo kwenye damu huchukua kupungua hadi nusu. Tuseme dawa ina nusumaisha ya masaa mawili na imefika kilele saa sita mchana. Saa nane itabaki nusu, saa kumi itabaki robo, saa kumi na mbili jioni itabaki thumuni. Nusumaisha tano zikipita, kilichobaki ni kama asilimia 3 tu, na madaktari huihesabu dawa hiyo kuwa imekwisha mwilini. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina mzunguko. Lakini maagizo mengi yanayoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ya dawa yametoka hapo.

Kwa mtu wa Kisumu, Siaya au Busia, mfano ulio karibu kuliko yote ni AL, vile vidonge vya manjano vya malaria. Kenya iliamua mwaka 2004 kuacha Fansidar na kushika AL, na vituo vya afya vikaanza kuitoa mwaka 2006. Ukienda duka la dawa pale Kondele utaambiwa hivi: "Meza nne sasa, nne baada ya masaa nane, halafu kuanzia kesho nne asubuhi, nne usiku, mpaka ziishe. Na ukule kwanza." Kwa mtu mzima ni vidonge 24. Kila agizo hapo lina sababu yake ndani ya mwili, ila muuzaji mwenye watu sita kwenye foleni hana nafasi ya kukufafanulia.

Tuanze na hilo la kula, kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi. AL ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, atemetha na lumefantrini. Lumefantrini haipatani na maji, inapatana na mafuta. Ikikuta tumbo tupu, sehemu kubwa yake hupita utumboni na kutoka na choo bila kugusa damu. Ikiandamana na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia damuni kinaweza kuwa mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Mara kumi na sita! Sasa mfikirie mgonjwa wetu wa kawaida: malaria imemkata hamu ya chakula, amepewa turungi na kipande cha mkate mkavu, akameza vidonge vyake vinne na kulala. Dozi ameimeza kama alivyoagizwa, lakini damu yake imepata sehemu ndogo tu ya dawa. Wala haihitaji kuchinja kuku. Glasi ya maziwa inatosha, au chai iliyopikwa kwa maziwa ya kweli, au omena ya kukaangwa hata kama ataila vijiko vichache, au nusu ya ovakado. Mtoto anayenyonya, mama amnyonyeshe.

Dawa ikishapenya ukuta wa utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Damu inayotoka utumboni hupitia ini kwanza, na ini lina vimeng'enya vinavyovunja au kubadilisha karibu kila kitu kigeni kinachopita. Wengi wetu hudhani kazi ya ini ni kuua nguvu ya dawa tu. Mara nyingi ni hivyo, ila atemetha ikifika huko hugeuzwa kuwa dihidroatemisinini, ambayo nayo inaua vimelea, tena kwa ukali zaidi.

Kimeng'enya kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kinaitwa CYP3A4, na kinahudumia dawa nyingine nyingi pia. Hapo ndipo mambo huingiliana. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huufanya mwili utengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi kuliko kawaida. AL ikikuta hali hiyo, inavunjwa haraka mno na vimelea vinapona. Kwa hiyo mfamasia akikuuliza kama kuna dawa nyingine unatumia, hakuchunguzi maisha yako. Mwambie, hata kama ni kwa kunong'ona.

Sindano ya mshipa huruka hatua hiyo ya utumbo na ini, ndiyo maana malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Huku kwetu sindano ina heshima kubwa, na mgonjwa akishachomwa huona shughuli imekwisha. Haijaisha. Atesuneti hugeuzwa ndani ya dakika chache, na kile inachogeuka hutoweka mwilini ndani ya masaa machache. Mgonjwa akiweza kumeza, bado anatakiwa kumaliza siku tatu kamili za AL.

Turudi kwenye zile dawa mbili za kidonge kimoja. Atemetha ina nusumaisha ya masaa mawili hivi, na ile inayotokana nayo haidumu zaidi. Inaingia kwa kasi, inaua vimelea kwa maelfu, inaondoka. Ukimeza ya kwanza saa nne asubuhi, kufikia jioni imebaki kidogo sana, na ndiyo maana ya pili haingoji kesho, inamezwa saa kumi na mbili jioni. Lumefantrini yenyewe haina haraka: nusumaisha yake ni siku 3 hadi 6. Inajikusanya damuni dozi baada ya dozi, kisha inakaa wiki kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki.

Homa hushushwa na ile ya haraka. Mgonjwa aliyeanza Jumatatu anaweza kuamka Jumatano akiwa mzima kabisa, akaenda zake kazini Kibuye na kuweka vile vidonge vinane vilivyobaki kwenye droo, "vitasaidia mtoto". Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa tunayojitia kwa dawa nzuri. Vidonge vinane vya mwisho ndivyo vinavyoipandisha lumefantrini hadi kiwango cha kutosha kwa wiki inayofuata. Watafiti wanaopima kama AL imefanya kazi huangalia lumefantrini iliyomo kwenye damu siku ya saba, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba aliugua.

Mkia huo mrefu, yaani lumefantrini inayokawia damuni, una faida nyingine kwa mtu anayelala karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako mbu hawana likizo. Vimelea vipya vikiingia ndani ya siku chache baada ya matibabu, vinakuta damu bado ina dawa. Ubaya ni kwamba mkia ukishuka sana, dawa inakuwa haba: haiviui vyote, inaua vilivyo dhaifu na kuacha vile sugu vizaane. Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani yenye nusumaisha ya mwezi mmoja hadi miwili, iliacha mkia mrefu kuliko huo, na wazee wanakumbuka ilivyoishia: ilishindwa na vimelea sugu.

Hesabu hii hufanya kazi hata kwa kupanda. Dawa inayomezwa kila siku huchukua takriban nusumaisha tano kufikia kiwango chake thabiti, kama ndoo iliyotoboka ambayo unaijazia kikombe kimoja kila asubuhi: maji hupanda mpaka yanayovuja yalingane na unayotia. Amlodipini, dawa ya presha, ina nusumaisha ya masaa 30 hadi 50. Ndiyo maana inamezwa mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana anayepimwa baada ya siku mbili na kulalamika kwamba dawa ni bandia ameharakisha. Kiwango hutulia baada ya wiki moja hivi.

Namba hizi zote ni za mtu mwenye ini na figo zinazofanya kazi vizuri. Amoksilini hutoka kwa mkojo, nyingi ikiwa haijabadilika, na nusumaisha yake ni kama saa moja. Figo zikidhoofika, kwa uzee au kwa kisukari, inakaa zaidi na daktari hulazimika kupanga dozi upya. Parasetamoli hutegemea ini, nusumaisha yake ni masaa mawili hadi matatu. Sehemu ndogo yake hugeuzwa kuwa sumu, ambayo ini huizima kwa akiba liliyonayo. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua za pakiti nazo zina parasetamoli ndani, kwa hiyo ukihesabu vinane, hesabu na hizo.